Turufu, Nambari na Dhamana ya Mfasiri

Mcheza karata wa Lamu au wa Mombasa anapoitupa turufu mkekani huwa ametaja, pasipo kujua, jina la kale la kitu ambacho leo ni chombo mashuhuri cha utabiri huko Ulaya na Marekani. Neno hilo lilifika pwani kwa Wareno, wasemao trunfo, nalo trunfo lina asili moja na trionfi, jina ambalo Waitaliano wa karne ya 15 walizipa karata maalumu zilizoongezwa katika mchezo wao ili zizishinde nyingine zote. Kopa, uru, pau na shupaza nazo zilipitia njia hiyo hiyo, na kila moja inahifadhi kumbukumbu ya vikombe, dhahabu, magongo na panga, yaani yale makundi manne ambayo karata za taroti zingali zikiyatumia. Tofauti ni kwamba barazani karata hubakia mchezo. Mtu hushinda au hushindwa, karata zikachanganywa upya, na hapana aendaye nyumbani kuvunja ndoa yake kwa sababu ya shupaza aliyoipata.

Kwingineko mambo ni mengine. Karata za taroti hupangwa mezani mbele ya mtu mwenye shida, zikapewa kazi ya kusema. Na kwa kuwa picha peke yake huonekana haitoshi, watazamiaji wengi wameongeza juu yake elimu ya nambari: kila karata ina nambari yake, kila nambari inadaiwa kuwa na tabia yake, tarehe ya kuzaliwa ya muulizaji hujumlishwa, na jumla hiyo ikalinganishwa na karata zilizotoka, ili utabiri upate kina zaidi. Makala haya yanakusudia kuichunguza desturi hiyo kwa jicho la uhakiki. Hayatauliza kama karata zinajua yajayo. Mjadala huo una wenyewe. Swali linaloulizwa hapa ni la kimaadili, nalo linamhusu mhakiki wa fasihi kama linavyomhusu mtazamiaji: mfasiri anapoongeza maana juu ya ishara iliyo mbele ya mtu mwingine, maana hiyo ni ya nani, na nani atakayeijibia?

Inafaa kwanza ieleweke nambari ilikuwa ikifanya kazi gani katika karata hizi kabla ya kutwikwa kazi ya utabiri. Taroti ilizuka Italia ya kaskazini katika nusu ya kwanza ya karne ya 15. Jumla yake ni karata 78: 56 za makundi manne, na 22 zenye picha, yaani turufu 21 pamoja na Juha. Ulikuwa mchezo wa kukusanya mikono, na turufu ya juu iliila ya chini. Mchezaji alilazimika kuikumbuka daraja ya kila picha, na hatimaye nambari zikatiwa juu ya karata ili kumpunguzia kazi hiyo. Zile karata zilizochorwa kwa mkono na kupambwa kwa dhahabu kwa ajili ya watawala wa Milano, wa koo za Visconti na Sforza, hazina nambari yoyote juu ya turufu zake. Zaidi ya hayo, daraja zenyewe hazikuwa sawa kila mahali. Mwanafalsafa wa Oxford, Michael Dummett, katika kitabu chake cha 1980 kuhusu mchezo wa taroti, alionyesha kwamba Milano, Bologna na Ferrara zilikuwa na mipangilio iliyotofautiana. Turufu ya Haki, mathalani, huko Ferrara ilikaribia kilele, ilhali kwingine ilikaa katikati. Kwa hiyo, nambari ya turufu ilikuwa kama nambari ya mlango: humwelekeza mgeni, haimwelezi mwenye nyumba.

Mageuzi yalitokea Paris. Mwaka 1781 Antoine Court de Gébelin alitangaza, katika juzuu ya nane ya kazi yake kubwa juu ya ulimwengu wa kale, kwamba taroti ni mabaki ya kitabu cha makuhani wa Misri. Aliyasema hayo miaka 41 kabla ya Champollion kutoa, mwaka 1822, ufunguo wa kuyasoma maandishi ya Misri, na hivyo hapakuwa na mtu aliyeweza kumpinga kwa maandishi hayo yenyewe. Katika juzuu hiyo hiyo, makala ya Comte de Mellet ilizihusisha karata 22 na herufi 22 za Kiebrania. Mtazamiaji aliyejiita Etteilla akazipa karata zote nambari upya, kuanzia 1 hadi 78, kwa mpangilio aliouona yeye kuwa ndio wa asili. Kisha Éliphas Lévi, katika kitabu chake cha uchawi mkuu kilichotoka baina ya 1854 na 1856, chenye sehemu mbili za sura 22 kila moja, akaufanya uhusiano wa karata na herufi kuwa nguzo ya elimu nzima. Kwa kuwa kila herufi ya Kiebrania ni nambari pia, mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa. Daraja ya mchezo ikageuka kuwa siri ya ulimwengu.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kuitupa elimu ya nambari jumla jamala. Katika karata za jadi ya Marseille, zile 40 zinazokwenda kutoka moja hadi kumi katika kila kundi hazina masimulizi yoyote. Panga tano ni panga tano tu, zilizopindwa na kupambwa kwa maua. Anayetaka kuzifasiri hana jingine la kushika isipokuwa kundi na nambari, na hapo nambari ni sehemu ya ishara yenyewe. Hali ilibadilika mwaka 1909, ilipochapishwa London seti iliyobuniwa na Arthur Edward Waite na kuchorwa na Pamela Colman Smith. Msanii huyo alizipa hata hizo karata 40 picha za watu: mwenye kulia, mwenye kukimbia usiku, mwenye kuhesabu mali yake. Tangu hapo karata ina maneno yake ya kutosha, na nambari inayoletwa juu yake ni nyongeza. Ni nyongeza hiyo inayohitaji kuulizwa hati zake.

Chukuliwe mfano wa hesabu inayotumiwa sana leo, ambayo kitabu cha Mary K. Greer cha 1984, Tarot for Your Self, kilisaidia kuieneza: tarehe ya kuzaliwa hujumlishwa ili kupata karata ya maisha ya mtu. Kijana aliyezaliwa tarehe 9 Januari 2001 akijumlisha siku, mwezi na mwaka, yaani 9 na 1 na 2001, atapata 2011. Tarakimu za 2011 zikijumlishwa hutoa 4, nayo ni karata ya Kaisari, mtawala aliyeketi juu ya kiti cha jiwe. Lakini wapo watazamiaji wanaojumlisha tarakimu moja moja tangu mwanzo: 9, 1, 2, 0, 0, 1. Jumla ni 13, nayo ni karata ya Kifo. Kijana ni yule yule, siku ni ile ile, na hakuna aliyekosea kuhesabu. Atakayejitetea kwamba 13 nayo ikijumlishwa hutoa 4 atakuwa amesema kweli, ila ataulizwa ni kwa nini basi asimame penye 13 kwa mmoja na aendelee hadi 4 kwa mwingine. Na huyo kijana akiwa amezaliwa saa tatu za usiku, jambo litazidi kuwa gumu. Kwa hesabu ya jadi ya Waswahili siku huanza jua linapokuchwa, ndiyo maana usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Basi ana siku mbili za kuchagua kabla hajaifikia hata kalenda ya Hijria.

Yapo na matatizo ya ndani ya karata zenyewe. Katika taroti ya Marseille, turufu ya 8 ni Haki na ya 11 ni Nguvu. Katika seti ya Waite na Smith, 8 ni Nguvu na 11 ni Haki. Juha, ambaye katika mchezo hakuwa na nambari, Lévi alimweka baina ya 20 na 21. Chama cha siri cha Golden Dawn, kilichoanzishwa London mwaka 1888 na ambacho mshairi W. B. Yeats alijiunga nacho miaka miwili baadaye, kikamweka mwanzoni kabisa, na kwa hatua hiyo moja karibu kila karata ikabadilishiwa herufi yake ya Kiebrania. Mtu ambaye nambari yake ni 8 huambiwa jambo moja na mwenye karata za Kifaransa, akaambiwa jingine na mwenye karata za Kiingereza. Tena huko kujumlisha tarakimu mpaka ibaki moja, ambako hufanywa kwa uzito wa ibada, ni njia ya zamani ya kupata baki ya nambari inapogawanywa kwa tisa. Inafanya kazi kwa sababu watu huhesabu kwa makumi. Wangehesabu kwa manane, watu wengi wangekuwa na nambari nyingine ya maisha.

Msomaji wa Afrika Mashariki atakumbuka kwamba pwani nayo ina elimu zake za nambari, na ulinganisho huo unafaa kwa sababu unaonyesha tofauti muhimu. Katika ramli, mpigaji hutia nukta bila kuzihesabu, kisha hutazama kama ni witiri au shufwa; kila umbo lina safu nne, kila safu ina nukta moja au mbili, na kwa hiyo maumbo hayawezi kuzidi wala kupungua 16. Nambari haikuletwa juu ya ramli kutoka nje. Ndiyo ramli yenyewe. Abjadi nayo, inayozipa herufi za Kiarabu thamani ya hesabu, ni utaratibu unaojulikana wazi: mimu ni 40, ha ni 8, mimu tena 40, dali 4, na jina la Mtume likawa 92, kwa njia hiyo hiyo 786 husimama badala ya Bismillahi juu ya barua na milango ya maduka. Hata hapa hapakosi hitilafu, kwani shini ni 300 kwa watu wa Mashariki na 1000 kwa watu wa Maghribi. Na wanazuoni wengi wameikemea ramli kwa sababu za kidini zisizohusika na makala haya. Lakini mwenye kupiga ramli au kuhesabu abjadi amefungwa na utaratibu aliourithi kabla ya mwenye shida kubisha hodi. Mtazamiaji wa taroti anayeongeza nambari huchagua utaratibu wake katika duka lenye taratibu nyingi, na aghalabu huuchagua akiwa amekwisha kuiona karata.

Hapa ndipo swali la maadili linapokaza. Idhaniwe mwanamke anayeuliza kama arudi kwa mume aliyemwacha, na karata iliyotoka ni Panga Nane ya seti ya 1909. Pichani yumo mwanamke aliyefungwa kitambaa cha macho na kamba mwilini, panga nane zimechomekwa ardhini kumzunguka. Mtazamiaji anaweza kumwambia kwamba huo ndio utumwa unaomngoja. Lakini muulizaji naye ana macho. Anaweza kuinamia meza akasema: mbona miguu yake haikufungwa? Na mbele yake hapana upanga? Tangu hapo mazungumzo huwa ya watu wawili. Picha iko baina yao, kila mmoja anaweza kuionyesha kwa kidole, na tafsiri ya mtazamiaji imekutana na mpinzani ambaye ndiye mwenye maisha yanayozungumzwa.

Sasa aongezewe nambari. Ataambiwa kwamba nane ni nambari ya mamlaka, kwamba tarehe yake ya kuzaliwa pia imetoa nane, kwamba nane mbili haziwezi kuwa bahati. Aseme nini? Hawezi kuinamia nane akaona miguu ndani yake. Hesabu imefanywa kwenye karatasi mbele yake na kila jumla ni sahihi. Kuikataa ni kama kukataa kwamba nne na nne ni nane. Usahihi wa kujumlisha umeazimwa ili kuipamba hukumu ambayo haikutokana na kujumlisha, kwa maana hakuna jumla yoyote duniani inayotoa neno mamlaka. Kina kilichoahidiwa kimekuja, lakini ni kina cha kisima ambacho mtazamiaji peke yake ndiye mwenye kamba ya kutekea. Na mambo yakiharibika, hatasema kwamba alikosea kufasiri. Atasema nambari zilisema.

Upo utetezi wenye nguvu kuliko huu unavyoweza kudhaniwa, nao haupaswi kupitwa. Picha, husema watetezi wa elimu ya nambari, inampa mtazamiaji uhuru uliopita kiasi. Mbele ya picha atasema lolote: atamsifu tajiri, atamtisha maskini, atasoma uso wa muulizaji badala ya karata. Nambari humwekea mpaka. Ikiwa nane ni nane, hawezi kuigeuza tisa ili kumfurahisha mteja. Kwa hiyo, nambari ni nidhamu, na nidhamu ni ulinzi wa mnyonge. Hoja hii ni ya kweli kwa sharti moja: kwamba kanuni iwe imetajwa kabla ya karata kufunuliwa, na isibadilishwe baadaye. Mtazamiaji aseme mapema kwamba atajumlisha kwa njia hii na si ile, kwamba kwake nane ni Haki au ni Nguvu, kwamba hatasimama penye 13 pale panapomfaa. Mtu wa namna hiyo, hata kama anachokiamini ni batili kitupu, ni mkweli zaidi kuliko anayetafuta katika njia sita ile itakayotoa jibu alilokwisha kulipenda. Ila desturi haiendi hivyo. Umaarufu wa nyongeza hii unatokana hasa na wingi wa njia zake. Nambari isiyokubali kwa njia moja itakubali kwa nyingine, na kukubali kwake kutaitwa uthibitisho.

Umberto Eco aliuona ugonjwa huu na akauandikia riwaya nzima, Il pendolo di Foucault (1988), ambamo mhusika mmoja anavitaja vipimo vya kibanda cha kuuzia tiketi za bahati nasibu na kuonyesha kwamba navyo vimejaa siri za anga. Miaka miwili baadaye, katika mihadhara yake ya Cambridge, alirudi kwenye suala hilo kama mwananadharia: matini huruhusu tafsiri nyingi, lakini hairuhusu kila tafsiri. Hatari ya nambari ni kwamba huruhusu yoyote huku ikijionyesha kana kwamba inalazimisha moja.

Fasihi yenyewe imezitumia karata hizi kwa uadilifu wa namna mbalimbali. T. S. Eliot, katika maelezo aliyoyaambatisha kwenye The Waste Land (1922), alikiri kwamba hakuzijua vyema karata za taroti na kwamba alizibadilisha kwa manufaa yake. Ungamo hilo limechekwa na wengi, lakini lina heshima yake: mshairi amesema lipi ni la karata na lipi ni lake. Italo Calvino alikwenda mbali zaidi. Katika Il castello dei destini incrociati, kilichotoka kikamilifu mwaka 1973, wasafiri waliopoteza sauti husimulia maisha yao kwa kupanga karata mezani, na karata ile ile huwa na maana nyingine inaposomwa katika safu ya mwenzake. Sehemu ya kwanza inatumia zile karata za Milano zisizo na nambari juu ya turufu zake, na hadithi hazipungukiwi na kitu. Maana hutokana na ujirani wa picha, na msimulizi hachoki kumkumbusha msomaji kwamba anakisia.

Ipo bila shaka nambari iliyowekwa na mtunzi mwenyewe. Komedia ya Dante ina kanto 100, moja ya utangulizi na 33 katika kila sehemu, na atakayeizungumzia tatu ya Dante anazungumzia jambo lililomo. Mshairi wa Kiswahili anayezipa mizani nane kila kipande cha ubeti wa utenzi, au kumi na sita kila mshororo wa shairi, ameweka nambari inayosikika. Hata mtoto asiyejua kusoma husikia panapopungua. Nambari ya namna hiyo inaweza kubishaniwa kwa sikio, kama vile miguu ya yule mwanamke ilivyoweza kubishaniwa kwa macho. Ni tofauti na kazi ya mhakiki anayezihesabu beti za Al-Inkishafi katika toleo alilonalo, akazigawa, akaupata ubeti ulio katikati, kisha akajenga juu yake nadharia ya kitovu cha utenzi. Nakala za utenzi huo zinatofautiana kwa idadi na kwa mpangilio wa beti. Kitovu chake ni kitovu cha toleo, na mwanafunzi wa uzamili anayekipokea kutoka kwa mwalimu wake hana namna ya kukipinga ila kwa kuitafuta nakala nyingine, jambo ambalo nadharia yenyewe haikumshauri.

Kuhusu kule kubadilishana nafasi kwa Haki na Nguvu, sababu inajulikana. Golden Dawn ilizifunga karata na nyota za falaki, na ili mfululizo wa nyota uende sawa, karata yenye simba ilipaswa ikae penye Asadi na yenye mizani ikae penye Mizani; kwa hiyo picha ndizo zilizoamuru nambari zihame, kinyume cha yale yanayofundishwa leo. Waite aliyajua hayo, kwani alikuwa mwanachama. Katika kitabu cha maelezo alichokiandika kufuatana na seti yake, alitaja kwamba amezibadilisha karata hizo mbili kwa sababu zinazomtosheleza yeye, na kwamba kwa kuwa badiliko hilo halimhusu msomaji, hapakuwa na haja ya kulieleza. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na waulizaji wasio na idadi wamejumlisha tarehe zao za kuzaliwa, wakapata nane, wakaambiwa kwamba ni Nguvu.